Simu anayo, taarifa sahihi ya afya haimfikii

Kila nikisikia mtaalamu akilalamika kwamba wananchi wanaamini kila wanachotumiwa WhatsApp, huwa najiuliza: hicho kingine wanachoweza kukielewa kiko wapi?

Mchukue mama aliyepimwa sukari asubuhi, hajala kitu, na kwenye daftari lake la kliniki wakaandika 9.2. Jioni anaingia Google kutafuta maana yake. Ukurasa wa Kimarekani unamwambia kisukari kinaanzia 126. Analala akijua yu mzima, kumbe sukari iko juu. Wamarekani hupima kwa miligramu kwa desilita, hospitali zetu hupima kwa milimoli kwa lita, na 126 yao ndiyo 7 yetu. Mama huyu kusoma anajua, bando analo, na alichokisoma hakina kosa. Bado kimempoteza. Huwezi kumwambia ni mvivu wa kutafuta.

Halafu kuna lugha, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Shirika la Afya Duniani lina lugha rasmi sita, Kiswahili hakimo. Hapa Tanzania aliyeishia darasa la saba kwenye shule ya serikali amesomeshwa kwa Kiswahili, ila maelezo mengi ya kina kuhusu ugonjwa wake yako kwa Kiingereza. Akiandika "dawa ya presha", anakutana na muuza mitishamba anayejua kuongea na watu: video fupi, Kiswahili kitamu, namba ya simu chini. Mwongozo wa madaktari ni faili zito la kurasa nyingi. Nani atasikilizwa?

Hata bando lina mipaka yake. Aliyejiunga la mitandao ya kijamii pekee akibonyeza kiungo cha kumpeleka kwenye tovuti ya hospitali, hakifunguki. Sauti aliyotumiwa kwenye kundi la familia inafunguka.

Mimi ningeanzia kwenye lile daftari. Pembeni ya 9.2 kiandikwe kipimo kilichotumika na kiwango anachotakiwa kuwa nacho mgonjwa, kwa Kiswahili. Na kwa kuwa Wizara ya Afya ina namba 199 ya kupiga bila malipo, ichapwe kwa maandishi makubwa juu ya jalada, ili mwenye swali saa mbili usiku apate mtu wa kumuuliza.