S ya tano haiagizwi kwa waraka

Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza kujaribu 5S, utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi ambao hospitali za Sri Lanka zilikuwa zimeshautumia. Kwa Kiswahili ukawa Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. S nne za mwanzo bosi anaweza kuziamuru: Jumatatu atoe agizo, Ijumaa vitanda vibovu viko nje na kila droo ina lebo. Ya tano, Shikilia, yaani kuudumisha mpangilio huo kila siku bila kusukumwa, haiamrishiki.

Chukua wodi yoyote ya Nyanda za Juu Kusini, saa nane usiku. Mama anavuja damu baada ya kujifungua. Muuguzi anavuta droo iliyoandikwa "kanula", vile virija vya kupitishia dawa na maji mshipani, anakuta gozi za kufungia vidonda. Aliyehamisha kanula anamjua: ni mkubwa wake, yule aliyempa shikamoo getini. Je, kwenye kikao cha ripoti ya asubuhi atasema?

Wapo wanaoona utamaduni wa kuwanyamazia wakubwa unasingiziwa, kwamba tatizo ni upungufu wa watumishi na vifaa. Wana hoja nzito. Lebo haileti kanula ambazo bohari haijaleta, na muuguzi aliyebaki peke yake na wodi nzima hana muda wa kupanga droo. Tena ngazi za vyeo zina kazi yake. Mgonjwa akizimia mezani, mmoja aamuru na wengine watekeleze; mjadala ungoje.

Ila vifaa peke yake havielezi yote. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ya Ifakara, ng'ambo ya milima ya Udzungwa. Matokeo ya 2009 yalionyesha vifo kwa jumla vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ontario, Kanada, ikaagizwa kwa hospitali zote. Utafiti wa 2014 katika hospitali 101 haukuona nafuu ya maana. Sababu bado zinabishaniwa, lakini kwangu moja iko wazi: orodha ile inamtaka muuguzi amsimamishe daktari na kumuuliza kwa sauti. Kuweka tiki kwenye karatasi ni jambo jingine kabisa.

Ndiyo maana ningeanzia kwenye ripoti ya asubuhi: aliyekuwa zamu ya usiku, hata awe wa cheo cha chini kabisa, aseme kwanza, kabla daktari bingwa hajafungua kinywa. Siku muuguzi yule atakaposema kanula hazikuwepo, na mkubwa wake akajibu, "Nilizihamisha mimi, tuzirudishe," nitaamini S ya tano imefika wodini.