Kipimo cha PCR hakitoshi kueleza kifo cha mnyama

Panapotokea vifo vya wanyama visivyoeleweka, wawe ng'ombe zizini au swala nyikani, siku hizi kitu cha kwanza kinachoombwa na maabara ni damu kidogo au ute uliochukuliwa puani kwa pamba, ambao hutiwa kwenye kichupa na kupelekwa kwenye mashine ya PCR, yaani kipimo kinachotafuta vinasaba vya vijidudu. Mzoga wenyewe hufukiwa au huachiwa fisi. Utaratibu huu ni wa haraka, na majibu yake huja yakiwa ndiyo au hapana, jambo linalowapendeza sana waandishi wa ripoti. Maoni yangu ni kwamba tumeuegemea kupita kiasi, na kwamba utafiti wa magonjwa ya wanyama, wa kufugwa na wa porini, hudhoofika kila mara uchunguzi wa mzoga na wa tishu chini ya hadubini unapohesabiwa kuwa kazi ya ziada itakayofanyika fedha zikibaki.

PCR hutafuta kipande cha vinasaba ambacho mtafiti amekwisha kukichagua. Ni sawa na kubisha hodi na kuuliza kama fulani yumo ndani: utajibiwa kwamba yumo au hayumo, lakini hutaambiwa ni nani wengine waliomo, wala kama huyo fulani ndiye aliyefanya uharibifu. Mwezi Mei 2015, nchini Kazakhstan, swala aina ya saiga zaidi ya 200,000 walikufa katika muda wa takriban wiki tatu. Bakteria waliohusika, Pasteurella multocida, hukaa pia katika koo za wanyama wenye afya, kwa hiyo kuwakuta tu kusingethibitisha lolote. Kilichowatia hatiani ni mizoga iliyopasuliwa, ambayo viungo vyake vilikuwa vimevuja damu na tishu zake zilionyesha kwamba bakteria hao walikuwa wamekwisha kuenea mwili mzima. Baada ya hapo ndipo watafiti walipoweza kuuliza swali lililofuata, yaani ni nini kilichowaamsha bakteria hao kwa wakati mmodi katika makundi yaliyotengana, na uchambuzi wao ukaelekeza kwenye joto na unyevunyevu usio wa kawaida wa siku zilizotangulia vifo.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa tumbusi wa Asia Kusini. Kuanzia miaka ya 1990 ndege hao walianza kutoweka, na kufikia 2007 tumbusi wa mgongo mweupe nchini India walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Wengi walidhani kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza, pengine kirusi kipya, na kwa kasi ile ya vifo dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Watafiti waliofanya kazi nchini Pakistan wakiongozwa na Lindsay Oaks walikusanya mizoga na kuipasua. Ndani ya mingi walikuta utando mweupe wa chumvi za asidi ya yuriki umetanda juu ya moyo, ini na figo, hali iitwayo jongo la viungo vya ndani, ambayo kwa ndege ni ishara kwamba figo zimeshindwa kazi. Walipima virusi, bakteria, viuatilifu na metali nzito, na vyote havikueleza kilichotokea. Hata hivyo figo zilikuwa zimekwisha kuwaonyesha njia: walikuwa wanatafuta kitu kinachoua figo za ndege. Tumbusi hula mizoga ya mifugo, na mifugo hupewa dawa, kwa hiyo wakaenda kuwauliza madaktari wa mifugo na wauza dawa ni dawa zipi zinazotumika. Jibu lilikuwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004, tumbusi wote 25 waliopimwa wakiwa na jongo hilo walikutwa na mabaki ya dawa hiyo kwenye figo, na kati ya 13 waliokufa bila jongo hakukutwa hata mmoja. India ilipiga marufuku matumizi ya diklofenaki kwa mifugo mwaka 2006, na meloksikamu, isiyowadhuru tumbusi, ikapendekezwa kuchukua nafasi yake.

Hakuna mtafiti ambaye angeiweka dawa ya maumivu ya ng'ombe kwenye orodha ya vipimo vya janga la ndege wa porini. Figo ndizo zilizoiweka.

Kisa hicho kinaonyesha pia kwa nini sikubaliani na desturi ya kuwatenga wataalamu wa patholojia (elimu ya jinsi ugonjwa unavyobadilisha viungo na tishu) ya mifugo na wale wa wanyamapori, kila kundi likiwa na wizara yake, mikutano yake na majarida yake. Mnyama hajui mpaka huo, na kidonda hakiujui. Mwaka 1967, katika kituo cha utafiti huko Colorado, Marekani, kulungu waliofungiwa walianza kukonda na kufa, na kwa miaka kadhaa hali hiyo ilichukuliwa kuwa ni matatizo ya lishe au ya maisha ya kifungoni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Elizabeth Williams, aliyekuwa akisomea patholojia ya mifugo, alitazama vipande vya ubongo wa kulungu hao akaona vitundu vidogo vidogo kama vya ugonjwa wa skrepi unaowapata kondoo. Jicho lililokwisha kufundishwa sura ya ugonjwa wa kondoo ndilo lililoutambua ule wa kulungu. Kipimo cha vinasaba, hata kingekuwapo wakati ule, kisingemsaidia, kwa sababu kisababishi cha magonjwa ya kundi hilo ni protini iliyojikunja vibaya, ambayo haibebi vinasaba vya kutafutwa.

Kuhusu simba wa Serengeti, habari inayojulikana zaidi ni kwamba mwaka 1994 takriban theluthi moja yao, wapatao 1,000, walikufa kwa distempa, ugonjwa wa virusi ambao kwa kawaida tunauhusisha na mbwa. Habari hiyo ni ya kweli lakini ni nusu yake. Damu zilizohifadhiwa zilionyesha kwamba virusi hivyo vilikuwa vimepita kwa simba katika miaka mingine bila vifo vya namna ile. Mwaka 2008 Linda Munson, aliyekuwa mtaalamu wa patholojia, pamoja na wenzake walichapisha maelezo ya tofauti hiyo: ukame mkali ulikuwa umewadhoofisha nyati, nyati wakajaa kupe, simba wakala nyati hao, na vimelea vya babesia vinavyoenezwa na kupe vikaongezeka mno katika damu ya simba ambao kinga yao ilikuwa imeshushwa na distempa. Aliyeishia kwenye jibu la kwanza angesema ni distempa tu, na asingekosea kimaabara. Lakini maelezo ya miaka kumi na minne baadaye yaliwezekana kwa sababu kuna mtu aliyeona thamani ya kutunza sampuli ambazo tayari zilikuwa na jibu.

Sidai kwamba kila mzoga upasuliwe. Mnyama aliyekufa ghafla, tumbo limevimba, na damu isiyoganda inatoka puani au kwenye haja kubwa, asiguswe kwa kisu hata kidogo, kwa sababu huenda ni kimeta, na vijidudu vyake vikikutana na hewa hutengeneza mbegu zinazodumu ardhini kwa miaka mingi. Hapo tone la damu lililopakwa kwenye kioo linatosha. Mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa anahitaji uchunguzi wa ubongo, na kumpasua kifua ni kujihatarisha bure. Mlipuko ukishajulikana ni wa nini, na kilichobaki ni kufuatilia unakoelekea, PCR ndicho chombo sahihi, na anayeng'ang'ania kupasua mzoga wa mia mbili anapoteza muda wa watu. Hoja yangu inahusu ile mizoga ya mwanzo, kabla jina la ugonjwa halijajulikana.

Kwa mizoga hiyo makosa ya kawaida yanafahamika na kuyazuia si ghali. Tishu hugandishwa kwenye friji kwa nia njema, kisha barafu inapasua seli na mtaalamu wa hadubini anabaki na kitu kisichosomeka. Sampuli ya PCR ndiyo igandishwe, na nyingine ya kiungo kilekile itumbukizwe kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, ya asilimia 10. Kipande kikiwa kinene kuliko sentimita moja, formalini haifiki katikati, na katikati panaoza huku nje panaonekana pazuri. Formalini yenyewe inatakiwa iwe angalau mara kumi ya ujazo wa tishu, ingawa nadhani kila aliyewahi kupokea vifurushi kutoka porini amekuta ini zima limeshindiliwa kwenye kichupa kisicholitosha. Kosa jingine, ambalo halihusu vifaa, ni kuchukua tu kiungo kinachoonekana kibaya na kuacha kinachoonekana kizima, wakati ubongo wa wale kulungu wa Colorado, kwa macho matupu, haukuonyesha lolote.

Hapo ndipo suala la fedha linapoingia. Wafadhili hununua mashine kwa urahisi kwa sababu mashine hupigwa picha siku ya kukabidhiwa, lakini tishu iliyozamishwa ndani ya nta ya parafini, ambayo ikitunzwa pakavu na pasipo joto hudumu kwa miongo mingi, haina bajeti, na mara nyingi hutupwa mradi unapofungwa. Ningependa kila ombi la fedha za utafiti wa vifo vya wanyama lilazimike kuonyesha vipande hivyo vitatunzwa wapi mradi ukiisha, na nani ataruhusiwa kuvitumia. Ningependa pia ripoti zinazoishia na kauli kwamba chanzo cha kifo hakikupatikana zihifadhiwe pamoja na nyingine badala ya kuonewa aibu, kwa sababu visa vya saiga na tumbusi vilipitia hatua hiyo. Na maabara inayokaribia kuomba mashine ya pili ya PCR ingefanya vyema kuajiri kwanza fundi wa histolojia, yaani wa kuandaa tishu za kutazamwa kwa hadubini, anayejua kunoa kisu cha maikrotomu na kukata kipande cha unene wa maikroni nne bila kukikunja, kwani mafundi wa aina hiyo wanastaafu na walio nyuma yao ni wachache.