Ekseli ya Nne Nukta Saba

Nimefundisha hisabati kwa miaka 27, na katika muda huo nimewakata alama wanafunzi wengi sana kwa kosa la kulikubali jibu kwa sababu tu wanalitamani. Naomba wasisome habari hii.

Nina Land Rover 109 ya Series IIA, ambayo hupeleka mbegu shambani kwangu Karatu na kurudi Arusha na maharage. Ekseli yake ya nyuma, ile ya asili ya Rover, ina shafti nyembamba zenye meno kumi, na kila masika yalipoanza ilivunja moja kana kwamba ilikuwa imeweka nadhiri. Husikika "tak!", kisha injini inanguruma vizuri kabisa na gari halisogei. Shafti ya tatu ilipokatika nikaamua kufunga ekseli ya Salisbury, dude zito lenye mfuniko wa duara kama sufuria nyuma ya difu (zile gia za katikati zinazogawa nguvu kwa matairi mawili), ambalo kiwanda chenyewe kiliziwekea 109 za Series III.

Muuza vyuma chakavu alikuwa nazo mbili. Moja ilitoka kwenye 109, imejaa kutu, na bei yake haikuwa na huruma. Ya pili ilikuwa safi, ilitoka kwenye Land Rover 110, yaani gari la springi za mviringo, si za bamba kama langu, na ilipungua bei kwa shilingi 300,000. Vishikio vya springi vingeweza kukatwa na vingine kuchomelewa. Kilichobaki ni uwiano wa difu: ekseli yangu ya mbele ni 4.7, maana yake propela, ile shafti inayoleta nguvu kutoka kwenye gia, huzunguka mara 4.7 ndipo tairi lizunguke mara moja, na ya nyuma haina budi kulingana nayo, kwa kuwa ukiingiza fowili, matairi yote manne yavute, propela zote mbili hufungwa pamoja. Juu ya ile ekseli ya bei nafuu palikuwa pameandikwa kwa chaki "4.7". Mimi, mtu wa hisabati, nikasema siamini chaki ya mtu mwingine.

Nikatoa chaki yangu. Tukaiweka ekseli juu ya magogo mawili, nikachora mstari kwenye habu, kitovu cha tairi, ya upande wangu na mwingine kwenye pinioni, ncha ya difu inayofungwa propela, nikamweka mpwa wangu upande wa pili na kumwagiza ahakikishe habu yake inakwenda sawasawa na yangu. Alikuwa na hindi la kuchoma mkononi, na sikuona kwamba hilo lina uhusiano na uhandisi. Nikaanza kuizungusha pinioni huku nikihesabu kwa sauti, macho yakiwa kwenye mstari wangu: moja, mbili, tatu, nne, na zaidi ya nusu kidogo, mstari ukarudi mahali pake.

"Nne nukta saba!" nikatangaza.

"Mjomba," akasema kijana, akitafuna, "huku imezunguka zaidi ya mara moja na nusu."

"Wewe shika hesabu yako, mimi nina yangu."

Anayejua difu ameshacheka. Upande mmoja ukienda polepole, wa pili huenda mbio, na hesabu ya kweli hutaka habu zote mbili zitembee pamoja. Nililipa, nikaomba na risiti.

Baada ya ekseli kufungwa, matairi ya nyuma yalichungulia nje ya bodi karibu inchi tatu kila upande, na gari likawa linasimama kama bata. Fundi aliyechomelea aliniuliza kama ndivyo nilivyotaka, nikamjibu kwamba upana huleta utulivu. Kwenye lami raha ilikuwa ya ajabu: injini ilinong'ona, na malori yaliyozoea kunipigia honi nikayapita, ingawa mshale wa spidomita ulisoma 60 tu. Sikujiuliza malori yale yamepatwa na nini.

Mto wa Mbu nikapigwa tochi, kile kipima mwendo cha trafiki. Mshale wangu ulikuwa kwenye 48, na tochi ya afande ilisema 64.

"Mzee wangu, hapa ni hamsini."

Nikamtolea somo fupi kuhusu makosa ya vipimo, nikamweleza kwamba chombo chake kinahitaji kupelekwa kupimwa upya. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaandika faini ya shilingi 30,000. Ukigawa 64 kwa 48 unapata 1.33, na ukigawa 4.7 kwa 3.54, uwiano wa kweli wa ile ekseli ya 110, unapata kitu hichohicho. Hesabu hiyo niliifanya siku mbili baadaye. Siku yenyewe nilipanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa gia ya pili, nikipitwa na malori yaleyale, nikilaumu dizeli.

Njia ya shambani ilikuwa tope. Nikavuta wenzo mwekundu wa gia nzito, ambao huingiza na fowili, na gari likaanza kwenda kama watu wawili waliobeba kitanda, wa nyuma akikimbia na wa mbele akijizuia. Kwenye tope lilivumilia kwa kuteleza. Tulipofika sehemu kavu lililia chini, likatetemeka, likasimama, na wenzo ukagoma kurudi. Akina mama waliotoka sokoni walinishauri nilipumzishe.

Fundi wa Karatu alikuja na bodaboda. Alipiga jeki chini ya tairi la mbele, na lilipoachana na ardhi likajizungusha lenyewe kama lililopagawa. Wenzo ukarudi kwa kidole kimoja. Kisha akaacha gia huru, akainua tairi moja la nyuma huku la pili likikaa chini, akalizungusha mara mbili kamili, maana moja likisimama mizunguko miwili ya lingine ni sawa na mmoja wa yote mawili, na kuhesabu propela. Akafanya hivyohivyo mbele.

"Mwalimu, mbele panasema nne na karibu robo tatu, nyuma panasema tatu na nusu. Wanakaa nyumba moja ila hawasikilizani."

Mpwa wangu alitazama pembeni, kwa heshima.

Nilirudi kununua ile yenye kutu, ambayo bei yake ilikuwa imepanda tena. Ekseli ya 110 iko uani, kuku wanalala juu yake. Juzi alikuja mnunuzi akauliza uwiano wake ni ngapi, nikamwambia arudi kesho na mpwa wake, na huyo mpwa asiwe na hindi.