Nusu saa haitoshi kupima kumbukumbu

Kifafa kinachoanzia ubavuni mwa ubongo, nyuma ya panja, mara nyingi hakimwangushi mtu. Anakodoa macho, anatafuna mdomo mtupu, anapapasapapasa nguo, kisha anaendelea na shughuli zake. Wanaoogopa ni ndugu. Yeye mwenyewe, ukimpa nafasi ya kusema, atakulalamikia kusahau.

Basi anapelekwa kupimwa. Kipimo kimoja kinachotumika sana ni cha maneno 15: anasomewa, anayarudia, na hivyo hivyo mara tano. Baada ya nusu saa hivi anaulizwa anayakumbuka mangapi. Akitaja ya kutosha anaambiwa yuko sawa. Akifika nyumbani mkewe anabaki ameduwaa, maana harusi ya mwezi uliopita, aliyocheza mpaka shati likalowa, mume hana habari nayo.

Hapo wengi humshuku mgonjwa. Mimi naishuku saa. Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza waliwasimulia hadithi watu wenye kifafa. Nusu saa baadaye, hata wale ambao kifafa chao huanzia upande wa kushoto waliikumbuka vizuri kama wasio na ugonjwa. Baada ya wiki nane walikuwa wameachwa mbali.

Vipimo hivi vilikuzwa kwa kiasi kikubwa na maswali ya upasuaji wa kifafa. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, Henry Molaison, mgonjwa wa kifafa, alitolewa sehemu ya ndani ya ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu inayojenga kumbukumbu mpya. Kifafa kilipungua, lakini hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za maisha yake. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyempima kwa miaka mingi, aliwafundisha madaktari kuuliza kabla ya kukata: upande upi umeharibika, na mgonjwa atapoteza nini? Kwa upande wa kushoto, maneno 15 yanalijibu swali hilo vizuri; kwa wa kulia, hata vipimo vya kukumbuka michoro hubabaisha. Ila hilo ni swali la daktari. Mgonjwa anauliza kwa nini mwaka wake una mashimo.

Na dawa nazo zina mkono wake. Fenobabitali, ambayo kwetu hutolewa sana kwa kuwa bei yake ni nafuu, huweza kuizorotesha akili, na huzuni ya muda mrefu hufanya vivyo hivyo. Anayesoma majibu bila kuuliza mgonjwa anameza nini amesoma nusu ya karatasi.

Ninachotaka hakihitaji mashine. Mgonjwa asimuliwe hadithi kliniki, kisha muuguzi ampigie simu baada ya wiki moja, tena baada ya mwezi, amuulize ile hadithi. Mtasema ataiandika pembeni aisome. Basi aambiwe simu itakuja, asiambiwe ataulizwa nini.