Shahada ya uhandisi wa majengo, deni la familia na kiwanja cha mama

Jirani yangu wa Katuba, hapa Lubumbashi, huuza makala na unga kwenye kibanda kilicho mbele ya nyumba yake, na hesabu zake zote huziandika katika daftari moja lililochakaa pembe. Ukurasa wa mwisho ameutenga kwa ajili ya kijana wake anayemaliza mwaka wa tatu wa uhandisi wa majengo: minervali, yaani ada ya chuo, nauli, gharama ya kuchapisha plani kwenye karatasi kubwa, na kompyuta iliyonunuliwa kwa zamu yake ya likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu. Chini kabisa ameandika neno moja, "kiwanja", akaliwekea alama ya kuuliza. Alitaka kujua kama auze kiwanja alichoachiwa na marehemu mume wake ili kijana aendelee na miaka miwili ya masta, yaani shahada ya pili. Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu, kwa sababu familia nyingi za mji huu zinalo ingawa hazijaliandika popote.

Marekani, mwenye swali la namna hiyo ana mahali pa kuanzia. Tangu mwaka 2015 serikali yao ina tovuti iitwayo College Scorecard, ambayo siku hizi huonyesha, kwa kila chuo na kila fani, kiasi wanachopata waliohitimu na deni walilotoka nalo. Takwimu zao rasmi za kazi za Mei 2023 zinaonyesha kwamba nusu ya wahandisi wa ujenzi walipata zaidi ya dola 95,890 kwa mwaka, na nusu ya wasanifu majengo zaidi ya dola 93,310. Mwanafunzi anayehesabiwa kuwa chini ya wazazi wake, kwa upande mwingine, amewekewa kikomo cha dola 31,000 za mkopo wa kawaida wa serikali kuu kwa shahada yote ya kwanza. Ni kweli kwamba mishahara hiyo inachanganya wenye uzoefu wa miaka mingi na wanaoanza, na kwamba wazazi wanaweza kukopa zaidi kwa majina yao wenyewe. Hata hivyo, anayesoma namba hizo anaona jambo moja waziwazi: mkopo huo, hata ukifika kikomo, ni kama theluthi ya mshahara wa mwaka mmoja wa mhandisi wa kati.

Kwetu deni halina tovuti. Liko kwenye likelemba, kwa mjomba aliyeko Kolwezi, kwa mwenye duka aliyekubali kungoja, na pale mambo yanapokaza, liko kwa wale tunaowaita Banki Lambert, wakopeshaji wa mtaani ambao riba yao huhesabiwa kwa mwezi. Hakuna kati yao anayesubiri kijana apate kazi ndipo aanze kudai. Tena hata deni la pesa likiisha, linabaki lile la undugu, kwa kuwa aliyesomeshwa na wote anatarajiwa kuwasomesha wadogo zake, na mshahara wake wa kwanza una wenyewe kabla haujatoka. Silisemi kwa kulalamika, maana bila undugu huo wengi wetu tusingefika hata mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Lakini anayepima faida ya shahada bila kulitia deni hilo katika hesabu anajidanganya.

Tuchukue mfano tu. Ikiwa familia imetumia dola 6,000 kwa miaka mitano, na kijana akaanza kazi kwa dola 400 kwa mwezi, akaweza kutenga 100 baada ya kodi, chakula na msaada wa nyumbani, atahitaji miezi 60, yaani miaka mitano mingine, kurudisha fedha peke yake bila riba. Iwapo kazi imechelewa miaka miwili, hesabu hiyo huvunjika kabisa.

Upande wa mapato, wazazi wengi bado wanapima kwa kumbukumbu ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali: mtoto akisoma anaajiriwa, anapewa nyumba, watoto wake wanatibiwa na kusomeshwa na kampuni. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, na mkataba ule wa maisha ukaondoka nao. Kilichopo leo ni kazi za mikataba mifupi. Sheria ya Februari 2017 iliyotenga kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani walio wengi imeufungua mlango kwa vijana, kwa sababu kampuni inayoomba kazi ya kujenga ofisi, kambi au bohari ya mgodi huulizwa ina wahandisi gani, na hapo karatasi ya chuo ina thamani ambayo kapita, yaani msimamizi wa mafundi, hata awe hodari kuliko wote hana jinsi ya kuifikia.

Ila kwenye shantie, yaani maeneo ya ujenzi, za mjini, Ruashi au Kalubwe, mambo hugeuka. Mwenye nyumba humwita kapita, kapita humleta fundi, na mhandisi huitwa mwisho, akiitwa. "Wewe ni mtoto wetu, utanichorea tu," ndilo neno analoambiwa. Nimesimama mbele ya ukuta wa matofali ya kuchoma ambao mwenyewe alipunguza vyuma vya mkanda wa juu ili abakize pesa ya rangi; mvua za kwanza zilipolainisha udongo chini ya msingi, ufa ulipanda kutoka kona ya dirisha hadi kwenye paa, ukiwa na upana wa kuingiza kidole. Kazi ya kuuzuia ufa ule ingelipwa mara moja tu. Kapita aliyeanza kazi siku mhandisi alipoingia chuoni ameshakuwa na vifaa, kikosi na wateja wanaomwamini.

Ninaona faida kubwa zaidi pale ambapo wengi hawaangalii. Uhandisi wa majengo hauishii kwenye sura ya nyumba. Unahusu pia umeme, maji, hewa na joto. Katika mji ambao umeme hukatika mara kwa mara na watu hujichimbia visima, anayeweza kupanga sola, tangi na mabomba kabla ukuta haujasimama anauza kitu ambacho mwenye nyumba anakihisi kila jioni. Huyo halipwi kwa mchoro peke yake.

Kwa hiyo nilimjibu mama kwamba asiuze. Mfumo wa vyuo uitwao LMD unatoa lisansi, yaani shahada ya kwanza, baada ya miaka mitatu na masta baada ya miwili zaidi, na kusimama hapo katikati kunawezekana. Sikumficha ubaya wake: wengi wanaotoka hawarudi, na zabuni kubwa hutaka miaka mitano ya masomo. Lakini kiwanja kikishauzwa hakirudi kamwe, na kijana anayeingia masta akiwa amefanya kazi kwenye shantie, akiwa na watu wanaomjua, ana nafasi bora ya kukirudisha alichotumia kuliko mwenye karatasi tupu.

Kijana mwenyewe ndiye aliyeleta wazo lililoniridhisha. Amepima kiwanja, amechora vyumba viwili vya kupangisha, kila kimoja na mlango wake wa nje, na ameandika devi, yaani makadirio ya gharama, kwenye ukurasa unaofuata wa daftari lile lile. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo wanayotaka ilipe masta. Matofali wanaweza kuyachoma wenyewe. Saruji na mabati ndivyo vinavyowatisha, na zamu ya mama kwenye likelemba inaangukia Oktoba, wiki chache kabla ya mvua kukolea.