Huku wamechoka kuulizwa, kwetu mkutano hauitwi

Jirani yangu hapa Zürich ni mama mstaafu, mtu wa heshima zake. Juzi nilimkuta chini kwenye ngazi anafunga kamba magazeti ya zamani, tayari kwa siku ya kukusanya karatasi. Katikati ya rundo nikaiona bahasha ya kura, haijafunguliwa. Nikamuuliza kulikoni. "Ah, wanatuuliza mno," akasema, akakaza fundo.

Wanatuuliza mno! Mimi nimezaliwa Ngamiani, mjini Tanga, shamba la wazee liko Muheza, na sijawahi kumsikia mtu wa kwetu akilalamika kwamba ameulizwa mno.

Uswisi wananchi huitwa kupiga kura hadi mara nne kwa mwaka, kuamua mambo, achilia mbali kura za kuchagua watu. Bunge likipitisha sheria usiyoitaka, kusanya saini 50,000 ndani ya siku 100 na sheria inarudi kwa wananchi. Unataka kubadili katiba? Saini 100,000 ndani ya miezi 18. Mwaka 2018 mkulima mmoja wa milimani, Armin Capaul, aliipeleka nchi nzima kwenye kura kwa ajili ya pembe za ng'ombe: mfugaji asiyewaondolea ng'ombe wake pembe alipwe ruzuku. Alishindwa, lakini asilimia 45 walikuwa upande wake. Pembe, jamani.

Kinachonikaa rohoni zaidi ni kijitabu. Ndani ya bahasha serikali inaweka maelezo yake, na humo humo inachapa hoja za wanaotaka mabadiliko yale inayoyapinga. Mimi hukisoma chote, halafu sina kura. Huku mimi si raia. Kwetu, Mtanzania aliye nje hapigi kura akiwa huko nje. Kodi nalipa, maoni nayo ninayo tele.

Najua mnachosema sasa: kala jibini, katusahau. Ngojeni kwanza. Watu hawa hawa ndio walioulizwa mwaka 2009 kama minara ya misikiti ipigwe marufuku, na zaidi ya asilimia 57 wakasema ndiyo. Mimi mtoto wa madrasa ya Tanga, huwezi kunielekeza namna ya kulifurahia hilo. Wanaume wao waliulizwa mwaka 1959 kama wanawake wapewe kura, wakakataa. Ikaja kukubaliwa 1971, wakati bibi yangu alikuwa ameshapiga kura ya urais tangu 1962. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba wengi wakiamua, haki imeshatendeka.

Wala hawajafuta wabunge. Wanao 246, mabaraza mawili. Nawasikia vijana wa nyumbani wakisema tufute Bunge, kila mtu aamue kwa simu yake. Bajeti nzima ataisoma nani? Jirani yangu kachoka kwa mara nne tu. Tofauti ni kwamba mbunge wa huku anatunga sheria akijua zile siku 100 zinamngoja nje ya mlango. Wa kwetu akishaapa, tutaonana miaka mitano ijayo. Rasimu ya katiba mpya ya Tanzania, ile ya Tume ya Warioba ya 2013, ilikuwa na kifungu cha wananchi kumwondoa mbunge wao kabla ya muda. Kwenye Katiba Inayopendekezwa, ile iliyopitishwa na Bunge Maalumu la Katiba, hakimo. Na kura ya maoni ya kuipitisha katiba hiyo, iliyokuwa ifanyike tarehe 30 Aprili 2015, iliahirishwa. Tunangoja.

"Watu wetu hawana elimu hiyo, watauza kura kwa kanga na sukari." Hii inaniudhi kuliko zote, maana huwa inasemwa na waliosoma. Mwaka 2012 Waswisi waliulizwa kama wanataka likizo ya wiki sita kwa mwaka. Theluthi mbili wakakataa! Mtu akijua gharama itamrudia mwenyewe, hupima. Na mzee wa Muheza anayejua chungwa lake litaoza barabarani mvua zikianza, huyo hajui kupima?

Tena jambo lenyewe si la kuazima. Sheria yetu ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mtu mzima, ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na ukutane kila miezi mitatu. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano huo uridhie. Wenzetu wa Glarus, jimbo moja la huku Uswisi, hukusanyika uwanjani mara moja kwa mwaka, wananyoosha mikono, watalii wanapiga picha. Sisi kwa karatasi ni mara nne! Lakini kijijini kwetu, mjomba ananiambia, linazungushwa daftari la mahudhurio, mnasaini, mnaondoka. Muhtasari unaandikwa baadaye, na mapato na matumizi hayasomwi. Akiuliza anaambiwa ana siasa.

Najua na hili litakuja: "Kama unajua sana, rudi ugombee." Nigombee nini? Ubunge siutaki. Nataka mkutano uitwe na daftari la fedha lisomwe kwa sauti. Mjomba anasema mwenyekiti ameahidi utaitwa baada ya msimu wa machungwa. Hakusema msimu upi.