Muziki wa Bure Umenila Nauli

Mimi na neno "bure" tuna kesi ya siku nyingi. Nilishawahi kupewa kuku wa bure, nikamlisha miezi minne, siku ninanoa kisu akatokea mwenye kuku. Kwa hiyo mama watoto alipokuja na kikaratasi kimeandikwa "Onyesho la muziki, maktaba, Jumamosi saa kumi jioni, kiingilio BURE", mfuko wangu ulianza kuuma kabla sijamaliza kusoma.

"Twende baba," akasema. "Na mama naye atoke kidogo. Tangu aje hajaona hata bahari."

Mama ni mama mkwe. Alikuja kutoka Tanga kwa wiki mbili, kuangaliwa macho. Macho yalipona ndani ya wiki ya kwanza. Huu sasa ni mwezi wa tano. Sisemi kitu. Mkwe ni mkwe, mimi mbele yake hata kupiga chafya naomba ruhusa.

Umeme ukakatika, shati likapigwa pasi ya mkaa ya jirani, mkaa wangu. Mama watoto akasuka. Mama mkwe akataka udi wa kufukizia baibui, maana "huko kuna watu wa maana". Ongeza nauli ya vichwa vitatu. Hata fidla haijaguswa, bure imeshakula elfu kumi na tano.

Daladala lenyewe konda anaita "Ndani kweupe!" huku nje watu wananing'inia kama nguo. Mama mkwe alipata kiti, mama watoto akapakatwa na mzigo wa mtu. Mimi nilisimama kuanzia kituo cha Rangi Tatu, Mbagala, mpaka kituo cha Bendera Tatu, rangi zote na bendera zote nimezihesabu kwa shingo.

Sasa maktaba. Pale ndani nina historia. Nikiwa kidato cha nne nilifukuzwa na mama mmoja mwenye miwani ya kamba kwa kosa la kufunua gazeti kwa kelele. Gazeti! Juzi nimeingia mahali palepale, meza zimesukumwa ukutani, viti vya plastiki vimepangwa, na kando ya kabati la kamusi zimesimama ngoma mbili za shaba, kila moja kama sufuria la pilau la harusi. Ngoma, ndani ya maktaba. Nikamtafuta yule mama wa miwani nimwombe anirudishie utu wangu, nikaambiwa alishastaafu.

Wapigaji walikuwa kama ishirini hivi. Wanafunzi, walimu wa kwaya, wazungu wawili watatu, na mzee mmoja wa tarumbeta ambaye naapa nilishamwona juu ya pikapu kwenye msafara wa harusi. Wakaanza kukwaruzakwaruza kila mtu lake, nami nikainamia kwa mama mkwe nimpe pole.

"Wanatia sauti hao," akanijibu bila kunitazama. "Ungeona ganuni ile, nyuzi zaidi ya sabini. Unatia sauti mpaka chai inapoa."

Nilisahau nimekaa na nani. Ujana wa mama mkwe ni Tanga ya enzi za vikundi vya taarab, Black Star na Lucky Star. Kwenye mambo ya fidla mimi ndiye mgeni.

Dada wa maktaba akasimama kutoa masharti. Simu zizimwe. Asiyeweza kunyamaza na mtoto atoke naye. Na makofi, tafadhali sana, ni mpaka kazi nzima iishe, maana kazi moja ina sehemu nne. Yaani wimbo unakatika mara tatu, na wewe unakaa tu kama umekuja kusikiliza hukumu.

Kisha akaingia kondakta. Mimi kondakta ninayemjua ananing'inia mlangoni, noti kazikunja kati ya vidole, anagonga bati. Huyu kavaa koti jeusi, hatozi nauli, ana kijiti, na abiria wote ametugeuzia mgongo.

Wakatangaza Simfoni namba 94 ya Joseph Haydn, Mwaustria, iliyopigwa mara ya kwanza London mwaka 1792. Jina lake la utani, akasema dada, ni "Mshtuko". Mshtuko wenyewe uko wapi hakusema. Hapo tu ndipo ninapomlaumu.

Sehemu ya kwanza iliisha kwa kishindo kizuri, mikono yangu ikaniponyoka. Kofi la kwanza lilitoka kwa furaha, la pili kwa mazoea, la tatu likakwama njiani nikabaki viganja vimekutana kama naomba dua. Ukumbi mzima ulinigeukia. Mtoto wa miaka sita hivi aliniwekea kidole mdomoni, "shhh". Gazeti likanirudia upya.

Nikaapa sitikisiki tena. Sehemu ya pili ikaanza taratibu, kawimbo kepesi, tu-tu, tu-tu, kama mtoto anayejifunza kupanda ngazi. Wakakarudia kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayepita sebuleni kwa vidole asimwamshe mwenye nyumba. Feni juu inazunguka. Miguu inakumbuka Rangi Tatu. Shingo ikalegea...

PUU!

Okestra nzima kwa pamoja, na yale masufuria ya pilau juu yake.

Ndugu zangu, mwili wa mtu wa Mbagala una mafunzo. Ukisinzia garini ukasikia bati limegongwa, maana yake umepitishwa kituo. Mimi huwa siamui, mwili ndio unaamua. Nikajikuta nimesimama, mkono mmoja juu natafuta bomba la kushika, napaza sauti:

"Shusha! Shusha hapo, konda!"

Na kondakta akageuka. Kile ndicho kitu kinachoniuma mpaka leo, kwamba aligeuka. Mzee wa matarumbeta akacheka ndani ya tarumbeta, ikatoka sauti ambayo Haydn hakuiandika. Mama watoto akanivuta shati, ile pasi yote ya mkaa ikaenda.

Mama mkwe akanipigapiga goti. "Kaa mwanangu. Hatujafika."

Palipokuwa na mapumziko, kijana aliyekaa jirani yangu, anajifunza muziki, akanionea huruma. Akaniambia zamani hizo watu walikuwa wanapiga makofi katikati na hakuna aliyefukuzwa. Mozart, mwaka 1778 yuko Paris, alimwandikia baba yake barua kumsimulia kwa furaha jinsi watu walivyolipuka kwa makofi wimbo ukiwa unaendelea. Kisha akatoka akaenda kula aisikrimu, akasali na rozari aliyokuwa ameweka nadhiri.

"Sasa hii sheria ya kukaa kimya kaileta nani?"

"Imekuja baadaye sana, mzee. Wenyewe walishakufa."

Unaona mambo hayo? Wenye muziki waliruhusu, wafiwa ndio wanakataza.

Basi. Akapanda kijana mmoja peke yake na selo. Kwa ambaye hajaliona, selo ni fidla iliyokula ikashiba. Halibebwi begani, linakaa chini kwa msumari, linaegemea kifua cha mpigaji katikati ya magoti, na tumboni lina matundu mawili marefu yaliyojipinda, moja kila upande wa nyuzi. Yakumbukeni hayo matundu.

Dada akatangaza Johann Sebastian Bach, Mjerumani, amezaliwa 1685, amefariki 1750, ameoa mara mbili, watoto ishirini, na nusu yao hawakufika utu uzima.

"Wangapi?" mama mkwe akauliza, si kwa kunong'ona.

"Ishirini, mama."

"Subhanallah."

Kijana akaanza. Hapo siwezi kulalamika hata nikilipwa. Upinde unakwenda na kurudi, haupumziki, sauti inashuka kwenye uzi mnene inapanda kwenye mwembamba, inashuka tena, kama mtu anayepanga maneno njia nzima kabla ya kwenda kuomba radhi. Hakuna mwimbaji, hakuna ngoma, na bado kuna mtu anaongea. Mama mkwe alifumba macho yake yaliyopona. Kichwa kinakwenda kushoto, kinarudi.

"Huyu anasema na mtu," akasema. Halafu kiganja kikaja mbele yangu. "Lete noti."

"Mama, huku hawatunzi."

"Mtu ana watoto ishirini, asitunzwe?"

"Mama, mwenye watoto siye huyu. Mwenyewe kafa mwaka 1750."

"Basi ndiyo kawaacha yatima."

Mjibuni nyinyi. Nilikuwa na noti mbili, elfu moja iliyochanika pembeni na elfu kumi ya kurudi nyumbani. Nikatoa pochi kumpa ile iliyochanika. Akachagua mwenyewe.

Mnaojua taarab mnajua mwendo ule. Haukimbii, hauombi njia, njia inajifungua. Noti juu, bega moja mbele, baibui linanukia udi wangu. Dada wa maktaba akanyanyuka, akaangalia umri wa mama mkwe, akakaa. Ukumbi hakuna anayepumua.

Akafika kwa kijana na hapo ndipo tatizo. Mkono wa kuume una upinde. Wa kushoto uko kwenye nyuzi. Mwimbaji wa taarab ana kiganja cha kupokelea, huyu wa Bach hana hata kidole cha ziada. Mama mkwe akatafuta paji la uso, kichwa kinayumba. Akatafuta mfuko wa shati, selo limeziba. Akalitazama selo juu mpaka chini, akayaona matundu, na usoni nikamwona mtu aliyekutana na kitu anachokifahamu.

Kibubu.

Akaikunja noti mara nne, kwa utulivu, akasubiri upinde upite, akaitumbukiza.

Kijana alitoa macho kama kameza mfupa lakini mkono haukusimama, na kwa hilo namvulia kofia. Nyuma kabisa mwanamke mmoja akashindwa kuvumilia akapiga kigelegele. Mwingine akampokea. Mama mkwe akageuka, akaitikia kwa bega, na ukumbi wote ukapasuka kwa makofi, Bach yuko katikati ya safari. Makofi yangu matatu yalionekana uhuni, ya kwao yakaitwa mwitikio.

Wakafunga na kwaya ya Haleluya ya Handel, ile inayoimbwa makanisani Pasaka. Kumbe kazi nzima iliyobeba kwaya hiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza Dublin, mwaka 1742, wanawake waliombwa waache nyumbani pete za kupanulia magauni na wanaume waache panga zao, watu wapate kuenea. Ndani kweupe ilianza zamani. Na mapato yaliwatoa jela watu waliofungwa kwa madeni. Nilimfikiria Mangi wa dukani na daftari lake. Lakini sikufaidi, kwa sababu kila kwaya ilipovuta pumzi selo lilikuwa linafanya krrrrr. Nilikuwa ninaisikia elfu kumi yangu ikiimba besi.

Walipomaliza nikamfuata kijana, sauti ya chini. "Samahani mdogo wangu. Ile tuzo... ni nauli."

Kijana mwungwana. Akalipindua selo tumbo chini, tukalishika wawili, tukalitikisa taratibu kama tunapepeta mchele. Likatoka vumbi. Kikatoka kibanio cha nywele, sijui cha lini. Akamulika kwa simu. Ndani kuna kijiti kilichosimama kati ya ubao wa juu na wa chini, na noti imejibana hapohapo nyuma yake. Kijiti kikianguka, akasema, selo linakuwa bubu mpaka kwa fundi. Yeye mwenyewe alikuwa na nauli ya kichwa kimoja.

Kivuli kikatuangukia. "Mkwe wangu," mama mkwe akasema. "Unadai tuzo? Mbele za watu?"

Nikaliachia selo.

Tulitembea mpaka kituoni kimya. Konda akaipokea ile elfu moja, akaitazama kwenye taa, akanirudishia. Hapo mama watoto akafungua pindo la kanga akalipia watu wote watatu na chenji ikabaki. Alikuwa nazo tangu asubuhi. Hiyo kesi nyingine.

Na kikaratasi cha mwezi ujao kimeshafika nyumbani, kiko juu ya friji. Mama mkwe amesema Tanga itamsubiri, anataka kwanza kwenda kusikia noti yake inaendeleaje.